Mpaka wa Arran na Azerbaijan uko wapi? Namna ya kuwasoma wanajiografia wa Kiislamu kuhusu Kaukazi

SWALI: Ninachora ramani ya Kaukazi ya karne ya 10. Yaqut al-Hamawi, katika kamusi yake ya miji, anasema chini ya jina Arran kwamba mto al-Ras ndio unaoitenga Arran na Azerbaijan. Lakini chini ya jina Azerbaijan anasema nchi hiyo inaanzia Bardha'a, na Bardha'a iko kaskazini ya mto huohuo. Al-Muqaddasi naye anaiweka Urmiya ndani ya Armenia. Nimfuate nani, na mstari niupitishe wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kipande hicho cha ramani ufuate mto. Kwa waandishi hawa Arran ni nchi iliyo kaskazini ya al-Ras, na Azerbaijan ni ile iliyo kusini yake, kaskazini-magharibi ya Iran ya leo, si jamhuri ya leo yenye jina hilo. Kauli mbili za Yaqut hazipingani kama zinavyoonekana. Moja imepotelewa na neno njiani. Al-Muqaddasi naye alikuwa anapanga miji, hakuwa anapima mipaka ya serikali. Nitayaeleza yote mawili kwa kirefu, kwa sababu ukishajua yalivyotokea utaweza kuisoma mipaka mingine ya Kaukazi bila kuyumbishwa na kila sentensi unayokutana nayo.

Tuanze na Yaqut, aliyefariki mwaka 1229. Kitabu chake ni kamusi, na chini ya kila jina la mahali alikusanya aliyoyaona, aliyoyasikia na, kwa wingi zaidi, aliyoyanukuu kutoka vitabu vya karne tatu au nne kabla yake. Hakuwa na desturi ya kuzipatanisha nukuu zake. Chini ya Arran anasema kila kilichopakana na al-Ras upande wa magharibi na kaskazini ni Arran, na kilicho upande wa mashariki ni Azerbaijan. Al-Ras ni mto Aras wa leo. Chini ya Azerbaijan anasema mpaka wa nchi hiyo ni kutoka Bardha'a mashariki hadi Arzanjan magharibi, na kwamba kaskazini imepakana na Daylam, Jil na Tarm, nchi za upande wa kusini-magharibi wa Bahari ya Kaspi.

Sasa iweke kauli hiyo ya pili kando ya maneno ya Ibn al-Faqih wa Hamadhan, aliyeandika karibu mwaka 903 na ambaye Yaqut alimnukuu mara nyingi. Ibn al-Faqih anasema mpaka wa Azerbaijan ni kutoka mpaka wa Bardha'a hadi mpaka wa Zanjan. Angalia neno "mpaka" lilivyorudiwa. Hakusema Azerbaijan inaanzia mjini Bardha'a. Alisema inaanzia pale ambapo ardhi ya Bardha'a inakwisha. Bardha'a ilikuwa mji mkuu wa Arran, na ardhi yake upande wa kusini iliteremka hadi al-Ras. Kwa hiyo kauli ya Ibn al-Faqih na ile kauli ya mto zinasema jambo moja. Neno "mpaka" likidondoka katika kunakili, mji mzima unahama nchi.

Kwa maoni yangu, Arzanjan nayo ilizaliwa hivyohivyo. Kwa maandishi ya Kiarabu Zanjan na Arzanjan zinatofautiana kwa herufi mbili tu za mwanzo, alifu na ra. Zanjan iko kusini-mashariki, njiani kuelekea Rayy (karibu na Tehran ya leo), na ni mwisho wa Azerbaijan unaoeleweka. Arzanjan ni Erzincan ya leo, mbali magharibi, ng'ambo hata ya Erzurum. Ukiikubali kama ilivyo, Azerbaijan inaimeza Armenia yote. Nadhani mtu aliyekwisha kuisoma Arzanjan ndiye aliyeongeza "mashariki" na "magharibi" ili sentensi ikae sawa. Maana Bardha'a haiko mashariki ya Azerbaijan, iko kaskazini. Na Daylam haiko kaskazini yake, iko mashariki.

Hapo kuna kanuni ya kwanza ya kazi yako: majina ya majirani yaamini kabla ya pande za dunia. Mwandishi wa zama hizo alijua vizuri nani anapakana na nani, kwa kuwa wasafiri na makarani wa kodi walimwambia. Upande wa jua mara nyingi aliukisia, au aliutoa kwenye ramani ambayo kusini yake iko juu. Ukikuta "kaskazini inapakana na Daylam", chukua kwamba inapakana na Daylam, kisha upande utafute mwenyewe kwenye ramani ya leo.

Kama bado una shaka kuhusu mto, tazama barabara. Ibn Khurradadhbih, aliyeandika katikati ya karne ya 9, alikuwa mkuu wa posta na habari katika mkoa wa Jibal, na kitabu chake kimejaa vituo na masafa. Anapofika Warthan, kivuko cha al-Ras, anasema hapo ndipo mwisho wa utawala wa Azerbaijan. Al-Istakhri, karne moja baadaye, anaitaja njia hiyohiyo kituo kwa kituo: Bardha'a hadi Yunan farsakhi 7, hadi Baylaqan 7, hadi Warthan 7, hadi Balkhab 7, hadi Barzand 7, hadi Ardabil 15. Jumla ni farsakhi 50. Farsakhi ni takriban kilomita 6, kwa hiyo ni kama kilomita 300. Jaribu kuipima: kutoka Barda ya leo hadi magofu ya Baylaqan ni karibu kilomita 80 kwa mstari ulionyooka, na farsakhi 14 za al-Istakhri ni kilomita 84. Masafa hayo yanaaminika. Baylaqan iko Arran, Warthan iko Azerbaijan, na kati yao msafiri anaukuta mto. Al-Muqaddasi mwenyewe, aliyekutia mashaka kuhusu Urmiya, anaiorodhesha Warthan chini ya Azerbaijan.

Usiyaamini masafa yote kwa kiwango hicho, lakini. Njia ya Bardha'a kwenda Tiflis katika kitabu hichohicho ina farsakhi 9 hadi Janza, 10 hadi Shamkur, 21 hadi Khunan, 10 hadi Qal'at Ibn Kundman na 12 hadi Tiflis, yaani 62, zaidi ya kilomita 370. Kwa mstari ulionyooka Barda na Tbilisi zimetengana kwa kilomita 245 hivi. Barabara hupinda, lakini si kwa kiasi hicho. Na Janza na Shamkur, yaani Ganja na Shamkir za leo, hazijatengana kilomita 60. Ama tarakimu zimeharibika katika kunakili, ama vituo vimepimwa kwa mwendo wa siku kisha vikageuzwa farsakhi. Kila njia ipime peke yake kabla ya kuitumia kuweka mji usiojulikana ulipo.

Sasa al-Muqaddasi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 985. Yeye alikuwa mtu wa mpangilio. Kila eneo kubwa aliligawa katika mikoa, kila mkoa ukawa na makao makuu, na kila makao makuu yakawekewa miji chini yake. Aliifananisha miji mikubwa na wafalme, makao makuu ya mikoa na mahajibu, yaani wasimamizi wa mlango wa mfalme, miji ya kawaida na askari, vijiji na askari wa miguu. Armenia, Arran na Azerbaijan hazikuwa na jina moja la kuzijumuisha, hivyo alizipa jina lake, al-Rihab, kisha akazigawa mikoa mitatu: Arran chini ya Bardha'a, Armenia chini ya Dabil (Dvin), Azerbaijan chini ya Ardabil. Mfumo huo haukubali mji kuelea. Kila mji lazima uwe chini ya mmoja wa hao watatu.

Ndivyo Urmiya, Salamas, Khoy, Marand na hata Maragha zilivyoangukia Armenia. Al-Istakhri, miaka thelathini na kitu kabla, anaitaja Maragha kuwa mji wa pili kwa ukubwa Azerbaijan baada ya Ardabil, na Urmiya wa tatu. Mimi ningemfuata al-Istakhri hapa, na sababu imo ndani ya orodha ya al-Muqaddasi yenyewe: Malazkird ameiweka Arran. Malazkird iko kaskazini ya Ziwa Van, mbali sana na Arran, ambayo yeye mwenyewe aliieleza vizuri kabisa kuwa kama kisiwa kati ya bahari na mto al-Ras, huku mto Kura ukiipasua kwa urefu. Maelezo ya nchi ni mazuri na orodha ya miji ina kasoro. Mwandishi mmoja anaweza kuwa sahihi katika aya moja na kukosea katika inayofuata, kwa kuwa aya zimetoka kwa watu tofauti.

Utakutana pia na "Armenia Nne", na hapo ndipo wachoraji wengi wa ramani hupotea. Mwanahistoria al-Baladhuri, aliyefariki mwaka 892, anatoa mgawanyo huu: Armenia ya Kwanza ni Sisajan (Syunik) na Arran, ya Pili ni Jurzan, yaani Georgia ya mashariki, ya Tatu ni Busfurrajan, Dabil, Siraj Tayr na Baghrawand, ya Nne ni Shimshat, Qaliqala, Khilat, Arjish na Bajunays. Kisha papo hapo anatoa kauli nyingine: kwamba ya Nne ni Shimshat peke yake, ya Tatu ni Qaliqala, Khilat, Arjish na Bajunays, ya Pili ni Siraj Tayr, Baghrawand, Dabil na Busfurrajan, na ya Kwanza ni Sisajan, Arran na Tiflis. Hakuchagua, na ni vema hakuchagua, maana ametuhifadhia kumbukumbu mbili. Desturi ya kuzipa Armenia namba ni ya Warumi, yaani Warumi wa mashariki (Bizanti). Mfalme Justinian alipanga Armenia zake nne mwaka 536. Waarabu walirithi namba, lakini nchi walizozipachika ni pana kuliko za Justinian, kwani zinaingiza hata Arran na Georgia ambazo hazikuwamo kwake.

Kwa nini Arran iitwe Armenia? Kwa sababu serikali ya makhalifa iliita jimbo lote la kaskazini Arminiya. Gavana alikaa kwanza Dabil, baadaye Bardha'a, na mara nyingi mtu mmoja alikabidhiwa Arminiya na Azerbaijan pamoja. Kwa hiyo "Armenia" katika kitabu cha karne ya 9 inaweza kuwa nchi ya Waarmenia au inaweza kuwa jimbo la kodi linaloanzia Ziwa Van na kuishia Bahari ya Kaspi. Ibn al-Faqih anaposema mpaka wa Armenia ni kutoka Bardha'a hadi Bab al-Abwab, yaani Derbent, anasema kuhusu jimbo. Ukiichukua sentensi hiyo kuwa habari ya kabila au lugha, umeharibu ramani, na ninasisitiza hili kwa sababu sentensi kama hizo hutumiwa kila siku kugombania ardhi ya leo. Hazikuandikwa kwa kazi hiyo na haziwezi kuifanya.

Katika karne yako, ya 10, jimbo hilo lilikuwa limekwisha vunjika, na Ibn Hawqal ndiye shahidi wa kumshika. Alisafiri katika nchi hizo, akakichukua kitabu cha al-Istakhri na kukirekebisha. Anasema Armenia ni mbili, ya Ndani na ya Nje. Ya Ndani ni Dabil, Nashawa, Qaliqala na zinazofuatia kaskazini. Ya Nje ni Barkri, Khilat, Arjish, Wastan, Zawazan na ngome zilizo kati yake. Nashawa ni Nakhchivan, Qaliqala ni Erzurum. Katika ile ya Nje, anasema, kuna miji iliyokaa mikononi mwa Waislamu. Hapo tuko karibu na hali halisi kuliko kwa yeyote mwingine. Angalia tarehe, hata hivyo: Qaliqala ilitekwa na Warumi mwaka 949, nayo bado imo kwenye orodha. Jina la mji likiwa ndani ya mkoa halikuhakikishii kwamba khalifa au amiri yeyote wa Kiislamu aliutawala siku kitabu kilipoandikwa.

Jambo zuri kuliko yote alilotuachia ni hesabu ya fedha. Anaorodhesha kiasi ambacho watawala wa Kaukazi walipatana kumlipa al-Marzuban bin Muhammad, mtawala wa Azerbaijan, kwa mwaka 344 Hijria, yaani 955. Shirwanshah, mtawala wa Shirwan, alilipa dirhamu 1,000,000. Banu Sunbat, wafalme wa Kiarmenia wa ukoo wa Bagratuni, walipangiwa dirhamu 2,000,000 kwa nchi zao za Armenia ya Ndani. Mfalme wao ni Mkristo mwenye taji, ana jeshi na ardhi, na bado yumo kwenye daftari la mtawala wa Azerbaijan. Je, nchi yake iko ndani au nje ya mpaka? Kwa karani wa kodi iko ndani. Kwa askari wa mfalme iko nje. Al-Istakhri anaonyesha jambo hilohilo kwa njia ya barabara: anapomaliza vituo kutoka Bardha'a hadi Dabil anaongeza kwamba vijiji vyote vya njia hiyo ni vya Waarmenia, katika ufalme wa Sunbat bin Ashut. Msafiri alitoka mji wa Waislamu akafika mji wa Waislamu, na katikati alipita ufalme mwingine bila mwandishi kuona haja ya kutaja mpaka.

Upande wa kaskazini mambo ni rahisi zaidi, maana kuna mlima na kuna ukuta. Mlima wanauita al-Qabq. Al-Masudi, yuleyule tunayemjua pwani yetu kwa habari za Zanj na kwa safari yake kutoka Qanbalu kwenda Oman mwaka 304 Hijria, anasema katika mlima huo kuna mataifa 72, kila moja na mfalme wake na lugha yake. Idadi hiyo usiihesabu. Ni namna ya kusema mengi. Ukuta wa Bab al-Abwab anasema umeingia baharini, kisha ukapanda milimani kwa farsakhi 40, na kwamba karibu kila maili tatu kuna mlango wa chuma na watu waliowekwa kuulinda. Ukuta upo kweli hadi leo: kuta mbili zinatoka pwani hadi ngome ya juu kwa kilomita 3.6 hivi, kisha mlolongo wa ngome unaingia milimani kwa kilomita 40 au zaidi kidogo. Farsakhi 40 zingekuwa kilomita 240. Bandarini, al-Istakhri anaeleza, kuta zimeingia majini na mdomo wa bandari umefungwa kwa mnyororo, chombo kisiingie wala kutoka bila ruhusa. Ukiacha mto pande za Warthan, huo ndio mpaka pekee wa Kaukazi unaoweza kuuchora kwa kalamu nyembamba.

Hata hapo kuna la kuangalia. Lakz, nchi ya bonde la mto Samur, iko upande wa kusini wa ukuta. Ibn Khurradadhbih anaihesabu ndani ya Armenia ya Pili. Ibn al-Faqih anamtaja mfalme wa Lakz kuwa jirani ambako Armenia inakomea. Mmoja anafuata ukuta, mwingine anafuata mtawala.

Ukishughulika na Georgia na watu wa nyika za kaskazini, fungua matoleo yenye tofauti za nakala chini ya ukurasa. Jurz, Wageorgia, na Khazar, watu wa kaskazini ya ukuta, wanatofautiana kwa nukta tu: nukta ya jimu ikipanda juu inakuwa kha, na ya zay ikihamia herufi ya jirani neno zima limegeuka. Al-Lan, yaani Waalani wa Kaukazi ya kati, na al-Ran, yaani Arran, nazo zinaachana kwa herufi moja. Ukikuta Wakhazar wanakaa Tiflis, au Arran ina mlango katikati ya Kaukazi, shuku nukta kabla ya kuishuku historia.

Kwa ramani yenyewe, fanya hivi. Chagua mwaka mmoja, na 955 ni mzuri kwa sababu ya hesabu ya Ibn Hawqal. Weka miji kwa alama, usianze na mistari. Kila mji uupe rangi kwa mkoa alioutaja al-Istakhri au Ibn Hawqal, na pale al-Muqaddasi anapotofautiana weka duara la rangi yake kuuzunguka mji. Urmiya na Maragha zitakuwa na rangi mbili, na ni haki yake zionekane hivyo. Chora barabara pamoja na farsakhi zake. Kisha ukuta wa Derbent, mstari. Mto Aras pande za Warthan, mstari. Kati ya Arran na Armenia, milimani Sisajan, usichore mstari. Tia kivuli chepesi na uandike majina ya waliolipa. Al-Istakhri anasema Arran ni kutoka Bab al-Abwab hadi Tiflis hadi karibu na al-Ras, na kwa mwaka huo hiyo ndiyo Arran yako, Shirwan ikiwa ndani yake japo ina mtawala wake.

Usiingize Arran ya Hamdallah Mustawfi katika ramani hiyo. Yeye aliandika mwaka 1340, zama za Wamongolia, akiwa afisa wa hesabu za kodi, na kwake Arran ni nchi iliyo kati ya mito miwili tu, Aras na Kura, huku Shirwan ikianzia Kura hadi Derbent ikiwa mkoa wake yenyewe. Ni mgawanyo safi, unachoreka kwa dakika chache, na ndio maana huwavutia watu. Lakini ni wa miaka karibu mia nne baadaye, kwa hiyo upe karatasi yake.